Namna ya Kuandaa Jioni ya Kuonja Mvinyo wa Dodoma

Mwongozo huu ni kwa wanaoanzisha klabu ndogo ya wapenda mvinyo, watu kumi na wawili hivi wanaokutana mara moja kwa mwezi. Mimi huandaa jioni kama hizi mjini Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na ninaamini kwa dhati kwamba mvinyo wetu hudharauliwa na watu ambao hawajawahi kuuonja ukiwa umeandaliwa vizuri.

Hatua ya kwanza ni kuchagua chupa. Nne zinatosha: mweupe mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu za Chenin Blanc, mwekundu wa zabibu za Makutupora, mwekundu wa zabibu za Syrah, na mmoja mtamu wa kumalizia. Chupa ya mililita 750 hutoa vipimo 15 vya mililita 50, kwa hiyo chupa moja ya kila aina inawatosha wote. Kila mtu atakuwa amemiminiwa mililita 200 kwa jumla; weka vikombe vya kutemea, na hakikisha mapema kwamba anayeendesha gari anavitumia au ana mtu wa kumrudisha.

Hatua ya pili ndiyo inayoharibiwa na wengi, nayo ni kupoza. Tumezoea kusikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18, wala si sebule ya Dodoma mwezi wa Novemba. Mvinyo ukipata joto, kileo hutangulia puani na harufu ya tunda hufunikwa. Katika jioni yangu ya kwanza niliziacha chupa nyekundu mezani tangu saa tisa alasiri, na wageni wote wakaukataa mvinyo. Mwezi uliofuata niliandaa mvinyo uleule uliopoa, na mmoja wa waliouponda akaniuliza unauzwa wapi. Weka mwekundu kwenye friji nusu saa hadi dakika arobaini kabla ya kumimina. Mweupe utumbukize kwenye beseni la barafu na maji, ukiongeza chumvi kama muda umebana.

Hatua ya tatu: vika kila chupa gazeti na uiandike namba, ili ulimi utangulie kuhukumu kabla ya lebo.

Hatua ya nne ni kuonja kwenyewe, mkianza na mweupe na kumaliza na mtamu. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uitazame rangi, izungushe taratibu, nusa, kisha piga funda dogo na ulitembeze mdomoni kabla ya kumeza au kutema. Waombe wageni wataje harufu kwa majina ya vitu wanavyovijua, kwa kuwa asiyewahi kula stroberi hawezi kuikuta ndani ya glasi. Syrah mara nyingi hunukia pilipili manga. Chenin Blanc ina uchachu unaosisimua mate kama embe bichi lililotiwa chumvi. Ule ukavu unaoshika ufizi kwenye mvinyo mwekundu tunao neno lake tayari, ukakasi, na kila aliyewahi kutafuna ndizi mbichi anaujua. Kila mmoja aandike lake kimya kabla ya mazungumzo, la sivyo mwenye sauti kubwa atawaonjea wote.

Hatua ya tano, fungua magazeti na ulete chakula: nyama choma kwa wekundu, samaki wa kukaanga kwa mweupe, na korosho wakati wote. Asiyekunywa pombe apewe juisi ya zabibu katika glasi ileile ya wenzake, na akaribishwe katika zoezi la kunusa.

Mvinyo uliobaki zibeni vizuri, uwekwe kwenye friji na umalizwe ndani ya siku tatu.