Jinsi ya kuisoma kamera ya kitaalamu kabla haijatoka

Kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba) moja kule Mukono, mwenye taa alifunga LED kila pembe ya hema. Wazee walikuwa wanazungumza kwa utaratibu, nami sikutaka mlio wa kamera uwakatize, nikaweka shata ya kielektroniki, ile inayopiga bila mlio. Usiku nilipofungua picha nikakuta mistari myeusi imekata gomesi, yaani gauni la sherehe, la bibi harusi kuanzia begani hadi kwenye mkanda. Arobaini na mbili hazikufaa kumpa mtu yeyote, na kati ya hizo ilikuwamo ile ya senga (shangazi) wake akimtambulisha mchumba. Tukio lile halirudiwi.

Asubuhi yake nilinunua daftari la kurasa 96, na ndilo ninaloanza nalo kila kamera mpya inapovumishwa. Kabla ya kujiuliza kamera ijayo itakuwa na nini, andika wewe ulishindwa wapi na ya sasa. Kila picha iliyoharibika pasipo kosa lako, weka tarehe, mahali na sababu. Miezi sita ya kuandika hivyo itakuonyesha ni mambo mawili au matatu tu yanayokunyima usingizi. Kwangu ni mistari ya taa, giza la msituni na ndege anayeruka kabla kidole hakijashuka. Sifa nyingine zote nazisoma kama msomaji, si kama mnunuzi.

Baada ya daftari, fungua kalenda. Kamera kubwa za michezo na habari hufuata Olimpiki. Canon walileta EOS-1D X mwaka 2012, Mark II mwaka 2016, Mark III mwaka 2020, na EOS R1 mwaka 2024. Nikon nao: D4 mwaka 2012, D5 mwaka 2016, D6 mwaka 2020. Kampuni inataka mamia ya wapiga picha pembeni mwa uwanja washike chombo chake dunia ikitazama. Olimpiki ijayo ya kiangazi ni Los Angeles, 2028, kwa hiyo miezi ya kabla yake iwekee alama. Mtindo huu una mapengo yake, kwani Nikon Z9 ilitangazwa Oktoba 2021, na Sony hufuata ratiba yao wenyewe: a1 Januari 2021, a1 II Novemba 2024. Hata hivyo kalenda ingeniokoa. Niliwahi kuchukua mkopo wa SACCO nikanunua bodi (kamera bila lenzi) ya bei kubwa, miezi miwili kabla kampuni haijatangaza mrithi wake. Bei ya mitumba ikashuka papo hapo, nami nilikuwa bado sijalipa hata robo ya mkopo. Nilikuwa na haraka, basi.

Sasa tuje kwenye matangazo yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Kampuni mara nyingi hutangaza kwanza kwamba inatengeneza kamera fulani, miezi kadhaa kabla ya kutoa sifa zote. Tangazo hilo huwa fupi, lakini hesabu unaweza kuifanya. Nikon walipotangaza Machi 2021 kwamba wanatengeneza Z9, hawakutaja megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha. Lakini walisema kwamba itarekodi video ya 8K. Chukua kalamu: 8K ni pikseli 7,680 kwa upana. Kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kwa kawaida kina uwiano wa 3 kwa 2, kwa hiyo kimo chake kitakuwa 5,120. Zidisha, unapata takriban milioni 39. Yaani kamera isingeweza kuwa chini ya megapikseli 39 kama upana wote wa kihisi unatumika. Ilipotoka ilikuwa na 45.7. Mtu mwenye kalamu alikuwa ameshajua kwamba hii ni kamera ya mafaili mazito, na angeanza kuweka akiba ya kadi na diski mapema.

Tazama pia ndugu zake. Prosesa ya EXPEED 7 iliyoanza kwenye Z9 ilishuka hadi Z8 mwaka 2023, kisha Zf, kisha Z6III. Mara nyingine njia huwa ya kupanda: kitu hujaribiwa kwenye kamera moja, kikikubalika kinapelekwa kwa kaka mkubwa. Fokasi inayofuata jicho la mpiga picha ilikuwamo kwenye EOS 5 ya filamu mwaka 1992, ikalala miaka mingi, ikaamka kwenye EOS R3 mwaka 2021, ikaendelea kwenye R1. Na usisahau kwamba kamera hukua hata baada ya kununuliwa. Z9 ilipata uwezo wa kuhifadhi picha za kabla ya kubonyeza kupitia sasisho la programu la Aprili 2022. Kwa hiyo kabla ya kutamani bodi mpya, hakikisha yako ina programu ya mwisho. Nimekutana na wenzangu wengi hapa Kampala ambao hawajawahi kuisasisha tangu siku ya kwanza.

Tujaribu kwa mfano mmoja: mrithi wa EOS R1, jina lolote atakalopewa. Ninachora safu tatu.

Kwenye safu ya karibu hakika naandika mlango wa lenzi (pale lenzi inapofungwa kwenye bodi) wa RF, maana Canon waliuanzisha 2018 na lenzi zote kubwa sasa zimejengwa juu yake. Naandika pia megapikseli zisizozidi sana 24. Hesabu ukoo: 1D X ilikuwa na 18, Mark II na Mark III zikawa na 20, R3 na R1 zikafika 24. Mpiga picha wa habari akiwa uwanja wa mpira wa Namboole anatuma picha kabla mpira haujarudi katikati, na faili dogo hufika haraka. Betri naiweka hapahapa, ingawa kwa penseli: LP-E19 ilianza na 1D X Mark II, ikaendelea mpaka R1. Aliyetunza betri za 2016 hakulazimika kuzitupa.

Kwenye safu ya yaelekea, naandika kihisi kinachosomwa kwa kasi zaidi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kihisi kinachosomwa mstari baada ya mstari hukuta taa imefifia katikati ya kazi, na hapo ndipo gomesi inapopata mistari. Sony a9 III ya Novemba 2023 ndiyo kamera ya kwanza ya fremu kamili kusoma kihisi chote kwa mpigo mmoja. Gharama yake ni kwamba ISO yake (kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya kawaida huanzia 250, dalili kwamba usafi wa picha umepungua kidogo. Anayekwenda msitu wa Bwindi lazima apime hilo. Huko flashi hairuhusiwi, kwa kawaida una saa moja tu na gorila, na chini ya miti mwanga ni haba. Usafi wa picha ya gizani ni mali. Kampuni nyingine zikifuata njia hiyo, angalia kwanza zimelipa nini.

Safu ya tatu ni matamanio. Langu ni la Mabamba, kinamasi cha karibu na Entebbe. Korongo-nyangumi husimama bila kutikisika mpaka unamwonea shaka kama yu hai, kisha anajitupa majini kumkamata kamongo. Jicho likiona, kidole kimechelewa. R1 huhifadhi picha 20 za kabla ya kubonyeza, ambazo kwa kasi ya fremu (picha) 40 kwa sekunde ni nusu sekunde. a1 II hufika sekunde moja. Natamani mbili. Sina ushahidi wowote kwamba zitakuja, ndiyo maana haziko kwenye safu nyingine.

Tetesi za mitandaoni zipime kwa swali moja: imetoka wapi? Kifaa chenye Wi-Fi husajiliwa na wasimamizi wa mawasiliano, kama FCC ya Marekani, kabla ya kuuzwa, na msimbo wa usajili ni dalili nzuri kwamba kitu kipo. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, ni dalili dhaifu. Huonyesha mhandisi aliwaza nini, na mengi yaliyowazwa hayatengenezwi.

Kuhusu fedha nitasema wazi. R1 ilianza kwa dola 6,299, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 20 za Uganda kabla hujahesabu VAT ya asilimia 18. Tukiwa wenyeji pamoja na Kenya na Tanzania wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililopangwa 2027, vijana wengi wananiuliza wanunue nini. Kama daftari lako linalalamikia giza, nunua lenzi yenye mdomo mpana wa f/2.8, hiyo itahamia kwenye bodi ijayo. Bodi ya wiki chache za mashindano, ikodi tu. Na kama ni lazima kununua bodi, subiri mrithi atangazwe, kisha nunua ya zamani kwa anayeharakisha kuuza.

Siku ya tangazo ikifika, anza kusoma jedwali la sifa kutoka chini, kwenye maandishi madogo. Z9 hupiga fremu 120 kwa sekunde, lakini kwa JPEG za megapikseli 11. R1 hupiga 40 kwa shata ya kielektroniki na 12 kwa shata ya mitambo. Tafuta lenzi gani, kadi gani, faili gani. Mimi husoma nikiwa nimefungua daftari pembeni, na kila mstari wa tangazo unaojibu mstari wangu naupigia alama kwa kalamu nyekundu. Alama zisipofika tatu, nafunga ukurasa.