SOMO: Jinsi ya kusaka sehemu zilizopotea za michezo ya zamani ya TV, kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Wadau habari za jioni, huku Mbeya baridi imekamata mpaka vidole vinagoma ila niliahidi somo na watu wamenisumbua sana kwa hiyo naandika hivyo hivyo, makosa ya herufi mtanisamehe.

Wengi mnaniuliza vile vipande vya michezo ya Kaole, kile kikundi cha maigizo cha kituo cha ITV, nimevipata wapi, wengine wanadhani nina mtu ndani ya ITV. Sina. Vyote vimetoka kwenye makabati ya watu, kwenye kanda zilizoandikwa harusi ya nani sijui. Kama kuna kitu kimoja cha kushika hapa ni kwamba msake mtu aliyekuwa na deki, ile mashine ya kuchezea na kurekodia kanda za video, kanda itafuata yenyewe.

Kwa nini zinapotea? Kanda za studio zilikuwa ghali, mchezo ukisharushwa kanda ile ile inarekodiwa kitu kingine juu yake. Na usidhani ni umaskini wetu, BBC walifanya hivyo miaka na miaka mpaka 1978 hivi, tamthilia yao ya Doctor Who ya miaka ya 60 ikapoteza sehemu zaidi ya mia. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wanauza nakala za filamu za milimita 16 nchi za nje, Zambia hapo ng'ambo ya Tunduma nao walionyesha. Mwaka 2013 ikatangazwa kuwa jamaa anaitwa Philip Morris amekuta makopo ya filamu hizo Jos, Nigeria, kwenye kituo cha kurushia matangazo, sehemu 11, na 9 kati yake zilikuwa hazipo popote. Hata baada ya hapo zilibaki 97 zinasakwa. Sisi bara makopo ya filamu sahau, TV imeanza 1994. Ila deki zilikuwepo majumbani kabla hata ya vituo vya TV, watu walikuwa wanaangalia kanda za kukodi, kwa hiyo kituo kilipoanza kurusha michezo mashine ya kurekodia ilikuwa tayari sebuleni. Hiyo ndo bahati yetu.

HATUA YA 1: Chukua daftari
Usianze kuuliza "una mchezo wa Kaole?", kila mtu atakwambia alikuwa nao akautupa. Andika unachokumbuka, mwigizaji gani alikuwepo, alikuwa anagombana na nani, wewe ulikuwa darasa la ngapi, mliangalia kwa nani. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote, maana nyumba mliyojazana watoto ishirini sakafuni kuangalia ndo nyumba yenye deki.

HATUA YA 2: Orodhesha watu
Hapa ndo kazi ilipo. Wapiga video wa harusi na misiba, hawa namba moja, walikuwa na deki mbili za kutolea kopi na kanda tupu hazikuwaishia. Wenye maduka ya kukodisha kanda, japo Mwanjelwa wengi walipoteza kila kitu soko lilipoungua 2006. Wenye vibanda umiza. Walimu wa sekondari za bweni, sista wa misheni, wafanyabiashara wa Tunduma na Makambako. Alafu kuna watu wanasahaulika, wale waliohamishwa kikazi toka Dar, walikuwa wanatumiwa kanda na ndugu zao kwenye basi pamoja na samaki.

Ukifika kwa mtu kaa, kunywa chai, msikilize habari za watoto. Mimi kuna mama mmoja Uyole nilienda kwake mara tatu anasema hana, ya nne akanitolea kanda ya kipaimara cha mwanae ili nimwekee kwenye flashi, nikafanya bure. Kipaimara kinaisha, kwaya inatoka, picha inakuwa chenga kama dakika mbili hivi, mkono wangu uko kwenye kitufe nataka kuzima, mara pap, sebule ya mchezo, baba mwenye nyumba anamfokea hausigeli na nembo ya ITV kwenye kona. Dakika 14, mwanzo haupo na mwisho haupo, katikati kuna tangazo la sabuni. Nilimwita mama akaja na unga mikononi, akacheka akasema "ah, huyu baba yake ndo alikuwa anapenda hayo maigizo". Mzee alirekodi mchezo, mwaka uliofuata familia ikarekodi kipaimara juu yake, kimebaki kile kisichofikiwa. Kwa hiyo kanda yoyote angalia mpaka mwisho kabisa, E-180 ni masaa matatu na sherehe nyingi hazifiki hata mawili. Na kama ilirekodiwa kwa LP, yaani mwendo wa polepole, ni masaa sita, usikate tamaa mapema.

HATUA YA 3: Usiiweke kwenye deki!!
Narudia, usiiweke. Kanda yangu ya kwanza kabisa niliipata Kihesa, nikaifikisha nyumbani usiku na kuisokomeza kwenye deki kwa pupa, deki ikaitafuna, nikatoa utepe umekunjamana kama tambi. Sijawahi kujua kulikuwa na nini.

Huku kwetu adui ni kuvu. Tazama kwenye kidirisha cha kanda, upande wa utepe ulivyojiviringisha unatakiwa uwe mweusi unaong'aa. Ukiona vumbi jeupe au madoa kama unga hiyo ndo kuvu, na ukicheza hiyo kanda kuvu inahamia kwenye deki na kwenye kila kanda utakayoweka baadae. Iweke kwenye mfuko na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya, siku kadhaa. Usianike juani, usiweke karibu na jiko. Ikishakauka ndo unaifungua, ni skrubu tano tu, na unafuta kuvu taratibu, vaa barakoa maana ile kitu sio ya kuvuta.

Na ile isiyo na kuvu nayo iache ndani ya chumba siku nzima kabla ya kucheza. Kanda ikitoka stoo ya baridi kuingia sebuleni inashika umande, utepe unanata kwenye hedi, ile sehemu ya deki inayosoma utepe. Vunja pia kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kanda kama bado kipo, usije ukabonyeza REC kwa bahati mbaya ukafuta ulichokitafuta miaka kumi.

HATUA YA 4: Kucheza na kuhamisha
Deki nzuri sa hivi unapata kwa mafundi redio wazee, mwambie akubadilishie mikanda ya mpira. Hedi safisha kwa ile alkoholi ya isopropili, mafundi simu wanayo wanaoshea bodi. Usitumie pamba, nyuzi zinanasa. Tumia karatasi ngumu yenye uso laini, ishike imetulia kwenye dramu, ile silinda inayozunguka yenye hedi, alafu zungusha dramu kwa mkono. Ukisugua juu chini umeng'oa hedi.

Peleka kanda mbele mpaka mwisho, rudisha, ndo ucheze. Waya wa njano, nyekundu na nyeupe unaingia kwenye kile kifaa cha USB cha kunasia video, kwenye kompyuta tumia OBS, programu ya kurekodi, ni bure. Weka PAL, mfumo wa picha wa TV zetu, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ukiacha kwenye NTSC, mfumo wa Marekani, picha itakuwa nyeusi na nyeupe au inapanda panda na utamlaumu fundi bure. Saa moja inakula kama giga tatu na nusu ukiweka megabiti 8 kwa sekunde.

HATUA YA 5: Andika ilikotoka, nakili sehemu tatu, mrudishie mwenyewe kanda yake. Matangazo USIKATE, tangazo ndo litakusaidia kujua mwaka.

Maswali karibuni.

Mdau wa Iringa mjini: Kamwene mkuu. Mimi nina CD za zamani za michezo, zile za 2003 huko, kompyuta inafungua naona mafolda tu hakuna video.
Jibu: Kamwene. Hizo ni VCD, CD za video. Ingia folda la MPEGAV utakuta faili linaishia na DAT, hilo ndo video, fungua kwa programu ya VLC. Likopi leo hii hii maana CD za kuchoma zinachubuka zenyewe.

Mdau wa Mafinga: Kaka si nirekodi tu TV kwa simu, mambo ya OBS mi siyawezi.
Jibu: Kama kanda iko mahututi na una nafasi moja ya kuicheza, rekodi kwa simu, bora hicho. Kama ni nzima nisubiri, nakuja huko mwezi ujao na mashine.

Mdau wa Forest, Mbeya: Nikipata nzima naruhusiwa kuweka YouTube? Nisije nikafungwa.
Jibu: Kanda ni yako dada, mchezo sio wako. Kuna sheria ya hakimiliki ya 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Mi huwa naandikia kwanza kituo au kikundi, wakikubali freshi, wasipojibu nakaa nayo. Kuhifadhi nyumbani haijaniletea shida, kuweka hadharani na kula hela za matangazo ndo utaitafuta shida.

Mdau wa Makambako: Sisi tulikuwa tunarekodi mpaka 2012 kwa antena, kuna thamani?
Jibu: Ipo tena kubwa! Matangazo ya analojia, yale ya antena, Mbeya yalizimwa Aprili 2013, baada ya ving'amuzi watu wengi waliacha kabisa kurekodi nyumbani. Miaka hiyo ya mwisho kanda ni chache sana.

Mdau wa Tukuyu: Mkuu ndaga fijo kwa somo. Nimepanda darini kwa marehemu babu mdogo nimekuta boksi la kanda kama 30, panya wamekula maboksi, moja imeandikwa "mchezo jpili usifute". Deki ninayo hapa nimeshaichomeka.
Jibu: CHOMOA. Piga picha kidirishani, pande zote mbili, na taa nyuma yake, tuma hapa. Usiguse kitu kingine mpaka nizione.