Hilux ya 3L inagonga: pima noseli kabla hujashusha injini

Injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8 yenye silinda nne, ina kelele hata ikiwa nzima. Ninaouzungumzia hapa ni mlio mwingine: ko, ko, ko, kama nyundo ndogo juu ya chuma. Noseli mbovu, yaani kile kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, hugonga hivyo. Beringi iliyolika ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) nayo hugonga hivyohivyo. Kwa hiyo usikubali injini ifunguliwe kwa kusikiliza tu.

Anza na oili. Angalia kiwango, kisha mwaga kidogo kwenye beseni safi na uitazame juani. Ukiona chembe za chuma zinazometa, beringi zinalika. Usiliendeshe tena gari hilo, hata kulipeleka gereji; livutwe.

Oili ikiwa safi, acha injini ipate moto. Mlio unaopungua kadiri injini inavyopata moto mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda. Unaozidi, shuku beringi.

Sasa kipimo chenyewe. Gia iwe huru, handibreki juu, mawe kwenye matairi. Vaa miwani na usisogeze kidole karibu na mafuta yanayoruka: dizeli yenye presha hupenya ngozi, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Injini ikinguruma taratibu, funika nati ya bomba la noseli ya kwanza kwa kitambaa, uilegeze kidogo kwa spana namba 17 mpaka dizeli ivuje. Injini itayumba. Sikiliza, kaza, nenda silinda inayofuata.

Ukifika ambapo mlio unakatika, umepata silinda, bado hujapata ugonjwa. Wengi hukosea hapa. Kukata mafuta kunanyamazisha noseli, lakini pia kunaipunguzia beringi mzigo. Zima injini, badilishana noseli hiyo na ya jirani, weka washa (viringi vya kuzibia) mpya chini ya noseli, kisha rudia kipimo. Mlio ukihama na noseli, tatizo ni noseli. Ukibaki palepale, fungua sampo, lile karai la oili chini ya injini, ukague konrodi.

Niliwahi kupokea Hilux ambayo mwenyewe alikuwa ameshapewa bei ya krenki na beringi zote. Mlio ulikatika silinda ya tatu. Noseli ilipohamia ya nne, ukahama nayo. Ncha yake ilikuwa nyeusi, imelowa, na kwenye mashine ya kupimia ilidondosha matone badala ya kutoa ukungu. Iliniuma kufikiria mkopo aliokuwa akiutafuta.

Mlio usipobadilika kwenye silinda yoyote, toa mkanda wa alteneta na uwashe injini kwa sekunde chache tu, gari likiwa limesimama. Pampu ya vakyumu, ile inayosaidia breki, iko mgongoni mwa alteneta hiyo, nayo ikichoka hugonga.