Kumtafuta babu mkulima katika karatasi za Buganda

Sisi tuliokulia kambi ya jeshi Jinja, Kiswahili ndicho cha nyumbani. Kijijini Buganda tulikwenda kwa misiba tu. Nilipoanza kumtafuta babu mzaa baba, mkulima wa pamba, nilishika jina la baba nikazunguka nalo miezi mitatu. Bure kabisa. Waganda, yaani watu wa Buganda, kwa desturi hawarithi jina la baba. Kila mtoto hupewa jina lake katika majina ya ukoo, hivyo ndugu wanne wa baba mmoja huweza kuwa na majina manne. Siku hizi nawasaidia wengine, na huanza hivi.

Hatua ya 1: Ukoo. Ulizia muziro wa babu, yaani mwiko ulio alama ya ukoo: Mamba (huyu ni samaki, kamongo), Nsenene (panzi), Nkima (kima) au mwingine. Kisha ulizia mrithi wake. Mrithi husimikwa kwenye lumbe, sherehe ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo, na mzee aliyekuwapo siku hiyo huweza kukutajia nasaba bila kusita. Nenda na sukari na sabuni. Daftari lisitoke mfukoni kabla chai haijaisha, maana ukiandika mapema watadhani umekuja kudai shamba.

Hatua ya 2: Miaka. Mzee hatakwambia 1931, atakwambia mwaka wa nzige. Kabaka, mfalme wa Buganda, kupelekwa uhamishoni ni Novemba 1953, kurudi kwake ni Oktoba 1955. Mvua zilizolifanya Ziwa Viktoria lipande zilianza mwishoni mwa 1961. Hata hivyo, acha nafasi ya mwaka mmoja au miwili kila upande.

Hatua ya 3: Sanduku la bati chini ya kitanda. Hapa usiwe na haraka. Mkulima wa kawaida hakuna aliyekaa kuandika habari zake. Aliandikwa siku alipotoa pesa. Tiketi za kodi zilitunzwa kuliko picha za harusi, kwa sababu mwanamume aliyekutwa njiani bila tiketi alikamatwa. Tafuta pia risiti za busuulu, kodi aliyomlipa mwenye ardhi. Sheria ya 1928 iliweka kikomo chake, na mfumo huo ulifutwa kwa amri ya ardhi ya 1975, kwa hiyo usisumbuke na miaka inayofuata.

Tiketi za babu nilipata mbili, zimekunjwa mara nne, rangi ya tumbaku. Wino ulikuwa umefifia lakini jina la gombolola, yaani tarafa, lilisomeka. Kila moja ilitaja gombolola yake! Kumbe alihama, na mimi nilikuwa nikimtafuta mahali pamoja tu.

Hatua ya 4: Ardhi. Mkataba wa 1900 uliwagawia Kabaka, machifu na wakubwa wengine ardhi kwa maili za mraba, ndipo likaja neno mailo. Babu yako yaelekea alikaa kwenye kibanja, yaani kiwanja cha mpangaji, ndani ya ardhi ya mtu, kwa hiyo jina lake hulikuti kwenye hati. Ukiwa na nambari za bloku na ploti, ofisi ya ardhi itakuonyesha jina la mwenye mailo. Nenda kwa warithi wake, uombe kuona daftari la busuulu. Kabla ya salamu kwisha, waambie hudai kitu.

Hatua ya 5: Dini. Madaftari ya zamani ya parokia za Kikatoliki yameandikwa Kilatini, lakini usiogope: *filius* ni mwana, *obiit* ni alifariki. Soma pembezoni mwa mstari wa ubatizo, kwani ndoa nayo huandikwa hapo. Karatasi nyingi za Waanglikana zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. Kwa Waislamu, tafuta cheti cha ndoa na shehe aliyefungisha. Tena jaribu R na L kila mahali, waandishi walizichanganya.

Hatua ya 6: Hifadhi ya nyaraka za taifa, Wandegeya, Kampala. Iache iwe ya mwisho. Humo mna mafaili ya utawala, na bila gombolola na mwaka utapekua hadi jioni.

Tiketi zile mbili nilimpelekea shangazi, ambaye kwa kweli ndiye ningeanzia kwake. Alizigeuza geuza, akaigonga ya pili kwa kidole, akacheka.

"Hii ya huku? Huku alimfuata mama."