Sedani ya spoti iliyotumika: nenda ukaione ikiwa baridi

Muuzaji wa sedani ya spoti hana haja ya kusema sana. Rimu pana, ekzosti inayonguruma na viti vinavyokubana ubavuni vinamsemea. Nasi tulio ughaibuni mara nyingi tunakwenda kuliona gari peke yetu, hatuna yule fundi wa siku zote wa kumvuta kando tukamuuliza. Basi ukiwa huna muda wa kukagua kila kitu, kagua giaboksi. Injini mbovu hupiga kelele au hutoa moshi. Giaboksi otomatiki inaweza kuwa taabani na bado ikakuzungusha dakika kumi bila kujitaja, hasa ikiwa imeshapata moto.

Kwa hiyo mwombe muuzaji mapema, kwa maandishi, asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, shika boneti kabla hata ya kusifu rangi. Niliwahi kukuta boneti ya moto, mwenye gari akasema ametoka kuliosha. Haya. Nikarudi siku nyingine asubuhi na mapema. Nilipotia R, gari lilitulia kama halijasikia, kisha likaruka kwa kishindo hadi kikombe kikacheza mahali pake. Giaboksi nzima hushika ndani ya sekunde moja hivi, nawe huhisi kamtikisiko tu.

Ukiingia barabarani usikimbilie kukanyaga mafuta hadi chini. Nenda polepole, usikilize gia zinavyopanda. Kisha shikilia mwendo wa kilometa 60 hadi 80 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi. Gari likitetemeka kidogo kama linapita juu ya vituta vidogo vidogo, na lami ni laini, shuku klachi iliyo ndani ya konvata, yaani chombo chenye oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi. Klachi hiyo huifunga injini na giaboksi pamoja gari likishakolea mwendo. Baada ya nusu saa, oili ikiwa moto, ndipo ukanyage kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ya injini ukipaa na mwendo ukabaki palepale, klachi za ndani zinateleza. Aga kwa heshima.

Sasa oili. Utaambiwa, kwa uso mkavu kabisa, kwamba oili ya giaboksi hii ni ya maisha. Maisha ya nani? ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi ya gia nane iitwayo 8HP, iliyomo kwenye BMW nyingi na Alfa Romeo Giulia, wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Mara nyingi sinia yake ya chini ni ya plastiki, na chujio limo humohumo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Omba risiti ya kazi hiyo. Isipokuwepo, punguza gharama yake kwenye bei, ila usijidanganye kwamba oili mpya itafufua klachi zilizokwisha.

Giaboksi ya klachi mbili ina tabia zake. Hiyo ijaribu kwa kuegesha na kuondoka mlimani, maana ikichoka hurukaruka kwenye mwendo wa kutambaa. Ile DSG, giaboksi ya klachi mbili ya Volkswagen, ya gia sita yenye klachi zinazoogelea kwenye oili hutaka oili mpya kila kilometa 60,000.

Karatasi hazichukui muda. Linganisha namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, kwenye bodi na kwenye hati. Walioko Uingereza wanaweza kusoma historia ya MOT ya gari, yaani ukaguzi wake wa lazima wa kila mwaka, bure mtandaoni na kuona maili zilivyopanda mwaka hadi mwaka. Nenda pia na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kikionyesha majaribio ya ndani ya mfumo wa moshi hayajakamilika, huenda mtu amefuta makosa jana usiku, au ametoa betri.

Uliza kama injini imeongezewa nguvu kwa programu. Mimi gari la namna hiyo silinunui, hata likiwa zuri vipi: giaboksi iliundwa kubeba nguvu ya kiasi fulani, na aliyeiongeza hakuibadilisha giaboksi. Na kama linaendeshwa kwa magurudumu yote manne, inama utazame tairi. Mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma huzunguka kwa kasi tofauti, na mzigo huo hubebwa na gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kila kilometa. Uliza limekwenda hivyo tangu lini.