Kubildi zlib kutoka sosi kodi kwenye Windows

Kama hujawahi kubildi laibrari mwenyewe anza na zlib. Ni ile ya kubana data ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, ipo toka 1995, ni ndogo, imeandikwa kwa C na haitegemei laibrari nyingine, so ikigoma ujue shida iko kwenye mashine yako.

Instoo Git (ya kushusha kodi), CMake (inayopanga na kuendesha bildi) na kompaila ya Microsoft (inayogeuza kodi kuwa faili za kompyuta). Visual Studio nzima ya nini, Build Tools zinatosha, ila kwenye instola tiki pale pameandikwa Desktop development with C++, usipotiki itamaliza fresh tu halafu kompaila haipo.

Fungua teminali, tengeneza folda yenye njia fupi kama C:\src (Windows ina kikomo cha herufi 260 kwenye njia za faili na programu kibao bado zinakwama hapo), ingia humo halafu:

git clone https://github.com/madler/zlib.git
cd zlib
cmake -S . -B build -A x64 -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=C:/libs/zlib
cmake --build build --config Release
cmake --install build --config Release

Hiyo INSTALL_PREFIX usiiruke, bila hiyo CMake inataka kupeleka faili Program Files na kama teminali hujaifungua kama admini itakataliwa.

Sasa hapa kwenye --config ndo wengi wanapotea. Visual Studio inabildi Debug (ile ya kutafutia makosa) usipoiambia kitu, lakini ukifika kwenye kuinstoo CMake inatafuta Release (ile ya kutumia), kwa hiyo inakwambia faili halipo wakati wewe umeona kwa macho yako bildi imepita. Na kuweka CMAKE_BUILD_TYPE kule mwanzo hakusaidii, Visual Studio haiangalii hiyo kitu. Andika --config Release mara zote mbili, basi.

Ikiisha, C:\libs\zlib inakuwa na include, lib na bin. Kwenye CMakeLists.txt ya projekti yako weka find_package(ZLIB REQUIRED), linki na ZLIB::ZLIB, na wakati wa kukonfigu (ile amri ya cmake -S) ongeza -DCMAKE_PREFIX_PATH=C:/libs/zlib.

Ukipigwa eroo LNK1112 umechanganya biti 32 na 64. LNK2038 mara nyingi ni Debug na Release zimekutana, hii utaiona zaidi kwenye laibrari za C++. Kabla ya kurudia futa folda la build lote, maana CMake inakumbuka majibu ya zamani kwenye CMakeCache.txt na utabadilisha vitu mpaka uchoke huoni tofauti.

Programu ikikompaili halafu ukiifungua inalia DLL (faili la laibrari linalosomwa programu ikiwaka) haionekani, kopi DLL kutoka bin uiweke folda moja na exe yako. Kuna wanaoongeza bin kwenye PATH (orodha ya folda ambazo Windows inatafuta humo), inafanya kazi pia, ila mi siipendi, siku ukiwa na matoleo mawili ya laibrari hiyo hiyo hujui ipi imeshikwa.