Usiniulize simu gani nzuri, nipe kwanza ya zamani

Mteja akisimama mezani kwangu hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akauliza "Fundi, ninunue simu gani?", simjibu. Namwomba anayotumia sasa, hata kama kioo kimepasuka. Humo ndimo yalimo matumizi yake ya kweli. Akinisimulia kwa mdomo atanitajia kamera tu.

Nawe fanya hivyo. Ingia Mipangilio, fungua Betri, uone programu zipi zinakula chaji. Kisha fungua Hifadhi, uone kilichojaa. Dada mmoja anayeuza vitenge mtandaoni alikuja akitaka kamera ya megapikseli 108. Tulipofungua Hifadhi, WhatsApp peke yake ilikuwa imebeba zaidi ya nusu ya simu: picha za wateja, voisi, video za magrupu ya harusi. Alichokosa ni nafasi. Nikamwambia asishuke chini ya GB 128, wala asitegemee memori kadi, maana WhatsApp haihamii huko. Na hizo 108 zenyewe, kwa kawaida simu huunganisha pikseli tisa tisa kuwa moja, picha ikatoka na megapikseli 12. Kwa vitenge, mwanga wa dirishani utamsaidia zaidi.

Dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu ni habari nyingine. Ramani inawaka tangu asubuhi, jua linapiga. Huyu aanze na betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), kisha mwanga wa kioo. Mwombe muuzaji mtoke nayo barazani saa saba mchana, upandishe mwanga hadi mwisho, ujaribu kusoma meseji. Ndani ya duka kila kioo kinapendeza.

RAM, yaani memori ya kuendeshea programu, nitaipitia haraka. Ukiona boksi limeandikwa GB 8 na pembeni, kwa herufi ndogo, 4+4, ujue RAM halisi ni 4. Nyingine imeazimwa kwenye hifadhi, nayo ni ya polepole. Linganisha simu kwa ile namba iliyo kabla ya alama ya kujumlisha.

Sasa jambo ambalo karibu hakuna anayeuliza kabla ya kulipa: kioo chake kinauzwaje? Vioo vya AMOLED vina rangi nzuri, sikatai, lakini kikivunjika utalipa zaidi kuliko cha LCD, ile aina nyingine ya kioo. Nenda kwa fundi yeyote, mtajie modeli kamili, uliza bei ya kioo na kama anacho leo. Bei hiyo ikikaribia nusu ya bei ya simu, mimi ningeiacha. Tecno, Infinix na Samsung za A zinazouzwa sana, spea zake zipo kila kibanda; simu ngeni mjini itakuweka ukisubiri mzigo kutoka China.

Ukitaka kukaa nayo miaka mingi, uliza pia itapata masasisho hadi lini. Samsung waliitoa Galaxy A16 mwaka 2024 kwa ahadi ya miaka 6 ya masasisho ya usalama, na hiyo si simu ya matajiri. Programu za benki hufika mahali zikakataa Android ya zamani, hata kama simu yenyewe bado inang'aa.

Wanaopenda used za nje, kuweni macho na laini. iPhone 14 ya Marekani haina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu isiyo na kadi. Kama M-Pesa iko laini hii na bando liko laini ile, hakikisha kwanza mitandao yako yote miwili itakupa eSIM.

Ukishachagua, usitoe hela bado. Piga *#06#, tuma tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu. Jibu likitaja modeli tofauti na iliyoandikwa kwenye boksi, mrudishie muuzaji simu yake, hata akikupunguzia bei.